Kuendesha gari yenye nguvu bila ABS wala VSC: anzia uwanjani, lami ya Nzega haina haraka

Wakuu, hii ni kwa wenye Chaser, Altezza, Verossa, Mark II za turbo na hata Mark X hapa Tabora, wale wanaobonyeza kile kitufe cha kuzima VSC (kompyuta inayozuia gari isiserereke) wakishapakia washkaji, na pia wale ambao hawajabonyeza chochote ila mifumo yenyewe ilishakufa siku nyingi na wao hawana habari. Hili kundi la pili ni kubwa kuliko mnavyodhani, nitalirudia hapo chini.

Siwaambii acheni. Gari inayokuachia mafuta, breki na stelingi bila kompyuta kuingilia ina raha yake aisee, unasikia mgongoni nyuma inaanza kuwa nyepesi, stelingi inabadilika mkononi, unarekebisha kidogo kwa mguu na gari inakutii. Ndo maana kuna watu wana hela ya kununua gari yoyote duniani lakini wanahangaika kutafuta Ferrari F40, gari iliyotoka 1987, injini lita 2.9, turbo mbili, farasi 478, haina ABS ya kuzuia tairi lisijifunge kwenye breki, haina pawa stelingi, hata busta ya breki haina, kila kitu ni mguu wako na mkono wako.

Sasa tatizo la kwetu ni kwamba hiyo raha inaanza kupatikana kwenye spidi 25 au 30, halafu watu wanaenda kuitafuta kwenye 180 njia ya Nzega. Tabora ni tambarare na barabara zimenyooka, ukitoka mjini kwenda Nzega au ukishika ya Sikonge unaweza kukanyaga muda mrefu hujakutana na kona ya maana, kwaiyo mtu anajiona dereva. Barabara iliyonyooka inakupa spidi tu, haikuelezi chochote kuhusu gari yako inavyoachia, alafu siku ng'ombe wanatoka porini saa kumi na mbili jioni ndo unagundua kwamba tangu umenunua hiyo gari hujawahi kukanyaga breki kwa nguvu zote hata siku moja. Wenzetu wa Kigoma angalau wana vilima vya kwenda Kasulu vinavyowatia adabu mapema.

Kwaiyo hapa naeleza namna ya kujifunza taratibu, kwa mpangilio ambao ukiufuata gari itakuonyesha tabia zake ukiwa kwenye spidi ambayo ukikosea unapata vumbi puani tu.

JUA GARI YAKO INA NINI NA HAINA NINI

Kwa kifupi: ABS inazuia tairi lisijifunge ukikanyaga breki kwa nguvu, ili uendelee kukata kona huku unafunga breki. TRC inapunguza nguvu ya injini pale tairi zinazosukuma zinapoanza kuzunguka bure. VSC ndo baba yao, inaangalia stelingi umeikata wapi na gari yenyewe inaelekea wapi, ikiona haviendani inashika breki ya tairi moja peke yake na kukurudisha kwenye mstari, mara nyingi kabla wewe hujashtuka. Mercedes ndo walianza kuuza S-Class yenye ABS ya kisasa ya Bosch 1978, mfumo wa kuzuia gari isiserereke ukaja 1995 kwenye S-Class hiyohiyo, na Ulaya wakaufanya wa lazima kwa kila gari mpya kuanzia Novemba 2014. Gari zetu hizi za mwaka 1996 mpaka 2004 zipo katikati hapo, nyingi zina ABS, VSC ni kwa baadhi tu kutegemea aliyeiagiza mara ya kwanza kule Japani alilipia nini. Usikariri kwamba rafiki yako ana Mark II yenye VSC basi na yako inayo.

Kupima ni rahisi. Weka switchi ya kwanza mpaka dashibodi iwake lakini usiwashe injini. Taa zote lazima zionekane, ABS, airbag, check engine, na VSC au TRC kama gari inazo. Washa injini, subiri sekunde chache, zinatakiwa kuzima. Taa ya ABS ikibaki inawaka basi ABS haifanyi kazi, breki unazo ila ni breki za zamani, tairi litajifunga ukizidisha. Mara nyingi ni sensa ya kwenye hub imekufa au waya umekatwa na mawe, sio gharama ya kuuza shamba. Ila kama taa HAIWAKI KABISA hata kwenye switchi ya kwanza, hapo stuka, kuna wajanja wanachomoa balbu au wanabandika kitu cheusi nyuma ya dashibodi ili gari iuzike. Yani unaweza ukawa unaendesha gari ya farasi 280 mwaka wa tatu sasa unaamini una ABS na huna.

Kwenye Toyota nyingi kile kitufe ukikibonyeza mara moja unazima TRC tu, ukikishikilia kama sekunde tatu gari ikiwa imesimama ndo VSC nayo inazima. Ukizima injini na kuwasha upya vinarudi. ABS haina kitufe, na kuna watu wanachomoa fyuzi. Mimi siwezi kumshauri mtu hilo, kwa sababu kwenye gari nyingi ule mgawanyo wa breki kati ya mbele na nyuma unasimamiwa na kompyuta hiyohiyo ya ABS, ukiikata unaweza kukuta tairi za nyuma ndo zinajifunga kwanza, na gari ikifunga nyuma kwanza inageuka ikaangalia ulikotoka.

MATAIRI, HAPA NAOMBA MSIRUKE

Gari isiyo na msaada wa umeme inategemea vipande vinne vya raba, kila kimoja hakizidi sana kiganja cha mkono wako. Ukiweka matairi ya mtumba yaliyokauka kwenye gari ya 1JZ-GTE, ile injini ya turbo, mengine yote ninayoandika hapa hayakusaidii.

Angalia ubavuni mwa tairi, kuna maandishi ya DOT yanamalizika na namba nne. 2319 maana yake wiki ya 23 mwaka 2019. Tairi linaweza kuwa na kashata (ile mistari ya kukanyagia) nzuri kabisa na likawa limezeeka, raba imekuwa ngumu, inateleza. Mnamkumbuka Paul Walker, alifariki tarehe 30 Novemba 2013 kule Santa Clarita, California, akiwa abiria kwenye Porsche Carrera GT. Hiyo ni gari ya V10 yenye farasi zaidi ya 600, ABS na kidhibiti cha tairi kuzunguka bure inavyo, lakini ule mfumo wa kuzuia isiserereke hawakuuweka. Uchunguzi wa polisi ulisema walikuwa kati ya kilomita 130 na 150 kwa saa kwenye barabara ambayo mwisho ni 72, na matairi yalikuwa na miaka tisa. Miaka tisa! Na hapa Tabora nenda pale wanapouza matairi ya mtumba kasome zile namba, utanyamaza.

Ukiwa huna hela ya manne mapya, usiweke mawili mazuri mbele na mabovu nyuma kwa gari inayosukuma kwa nyuma, kwa sababu mbele inashika halafu nyuma inaachia, ndo kuzunguka kwenyewe huko. Mazuri yakae nyuma. Na yanayokaa ekseli moja yafanane aina na saizi. Upepo pima asubuhi tairi zikiwa baridi, fuata kibandiko cha kwenye mlango wa dereva, usimsikilize anayekwambia 40 ndo inapaa.

Shokapu zinazovuja, bushi zilizochoka, tairodi yenye mchezo, hivyo vyote vitengenezwe kwanza. Oili ya breki kama ni nyeusi ibadilishe, maana ikishavuta maji ikipata joto inachemka na pedeli inazama mpaka chini. Sina zaidi hapo, fundi wako anajua.

Difu nayo iulizie. Gari nyingi tulizonazo zina difu ya kawaida, tairi moja ndo linazunguka na lingine limetulia. Kuna vijana wanachomelea difu ili zote mbili zizunguke pamoja, kwenye vumbi inapendeza ila kwenye lami mvua ikinyesha gari haitaki kukata kona na ikikubali inakubali yote kwa mpigo. Nauchukia sana huo mchezo.

UWANJA

Tafuta eneo wazi, kama mita 80 kwa 80 hivi, lenye mwenyewe, na umuombe ruhusa. Kama ni la kijiji ongea na mwenyekiti na mtendaji, watu wa kwetu ukiwaeleza vizuri hawana shida, ukiwavamia na moshi wa turbo Jumapili asubuhi ndo unaitiwa sungusungu. Msimu mzuri ni kuanzia Juni mpaka Oktoba, watu wameshavuna na ardhi imekauka.

Alafu lile eneo LITEMBEE KWA MIGUU lote kabla hujaingiza gari. Hapa kwetu kuna vitu viwili vinavyoua: vichuguu na visiki. Kichuguu kidogo kimefunikwa na nyasi hukioni ukiwa umekaa kwenye Altezza iliyoshushwa, na visiki vya miombo ni vigumu kuliko rimu yako. Gari inayoteleza kiubavu ikagonga kisiki, au ikaingia kwenye mchanga laini au mtaro, inapinduka hata kama spidi ni ndogo, kwa sababu tairi linashikwa ghafla na bodi bado inakwenda. Kwaiyo fyeka, ziba mashimo, na chomeka matawi au weka ndoo kwenye sehemu ambayo hutaki kuifikia. Zege, miti na kuta ziwe mbali.

Watoto watakuja. Gari ikilia wanatoka kila pembe. Weka mtu mzima mmoja ambaye kazi yake ni hiyo tu, kuwaweka nyuma yake, mbali, upande ambao gari haiwezi kurushwa, na yeye akiinua mkono unasimama. Mtungi wa moto uwe ndani ya gari na uwe umejaa, sio ule wa kuonyesha trafiki.

Na abiria hakuna. Najua washkaji wanataka kupanda, wasipande, ukiwa na mtu ndani unaanza kuendesha kwa ajili yake.

KUKAA

Vijana wengi wanalala kwenye siti kama wapo saluni, mkono mmoja juu ya stelingi. Hivyo husikii kitu. Kaa mgongo wote na makalio yameshiba kwenye siti, ukinyoosha mkono kifundo kifike juu ya stelingi bila bega kuachana na siti, mguu ukikanyaga breki mpaka mwisho goti bado limekunjika kidogo. Mikono saa tisa na saa tatu. Mkanda ukaze sana, kwa sababu ukiwa unajishikilia na stelingi usidondoke huwezi kuisikia hiyo stelingi inasema nini. Toa kila kitu kisichofungwa kwenye gari, jeki, madumu, chupa, hata ile chupa ya maji ya kwenye mlango, ikidondoka ikaingia chini ya pedeli ya breki umekwisha.

MAZOEZI YENYEWE

Anza na breki. Nenda 40, mahali ulipoweka ndoo kanyaga. Mara ya kwanza kanyaga zote ziingie, na kama gari haina ABS uone tairi zinavyojifunga, gari inavyoburuzika, na ukikata stelingi uone haigeuki hata kidogo. Hicho ndo kitu ABS ilikuwa inakuficha. Kwenye changarawe na mchanga, tairi lililojifunga linakusanya udongo mbele yake na linaweza hata kusimama mapema kuliko gari yenye ABS, wengi hawalijui hili, ila bei yake ni kwamba hukati kona. Baada ya hapo rudia, safari hii ongeza mguu kwa mpangilio: kandamiza uzito uhamie mbele kwanza, pua ishuke, ndo uongeze. Ukisikia tairi linaanza kujifunga legeza kidogo sana, kidole gumba cha mguu tu, kisha rudisha. Kwenye lami utasikia tairi inalia sauti nyembamba, ikigeuka kuwa mlio mzito wa kuburuza umeshapita. Rudia mpaka mguu uanze kufanya wenyewe bila wewe kufikiria.

Ukishaiweza iliyonyooka, fanya hivyohivyo huku kuna ndoo mbele ya kukwepa. Funga, legeza, kata, nyoosha, funga tena. Tairi ina uwezo wake mmoja, ukiutumia wote kwenye breki haubaki wa kukata kona, ukiutumia wote kwenye kona haubaki wa mafuta. Hilo likikaa kichwani mengine yote yanafuata.

Zoezi la pili ni duara. Weka kitu katikati, zunguka ukiwa mita 15 kutoka hapo, gia ya pili, na kama ni otomatiki weka 2 ili isikubadilishie. Kwenye udongo mkavu gari itaanza kuachia kwenye 25 mpaka 30 hivi, kwenye lami duara hilohilo ni karibu 40. Ongeza spidi pole pole sana. Kitu cha kwanza utakachosikia ni mbele inagoma, umekata stelingi lakini gari inajitanua nje, na stelingi yenyewe inakuwa nyepesi mkononi. Akili itakwambia kata zaidi, usikate. Punguza mafuta kidogo, uzito urudi mbele, tairi zitashika tena. Fanya kulia na kushoto, gari nyingi zina upande mmoja unaoachia mapema, mara nyingi ni alaimenti au tairi.

Sasa ukiwa kwenye duara lilelile, achia mafuta GHAFLA. Utasikia nyuma inatoka. Hii ndo inayoua watu kwenye kona ya lami, mtu anaingia na spidi nyingi, anaogopa, anatoa mguu wote, uzito unakimbilia mbele, nyuma inakuwa nyepesi na gari inageuka. Porsche 911 Turbo ya kwanza, ile 930 ya 1975, ilipata jina la mtengeneza wajane kwa shughuli hiyohiyo. Injini ipo nyuma kabisa ya ekseli, farasi 260, turbo inachelewa kuamka, dereva anakanyaga katikati ya kona haoni kitu, anaongeza, mara nguvu zote zinafika kwa mpigo, anashtuka anaachia mafuta, na ule uzito wa nyuma unampita. Wenye 1JZ na 1G za turbo huo ucheleweshaji mnaujua. Ukiwa kona, turbo isikukute na stelingi imekatwa, subiri gari ianze kunyooka ndo ukanyage, tena mafuta uyaongeze kama unavyomimina asali kwenye chupa ya maji, ukiharakisha inamwagika.

Kurudisha gari kwenye mstari, nyuma ikishatoka: macho yaangalie unakotaka kwenda. Sio kwenye ndoo, sio kwenye mti, mikono inafuata macho hilo ni la kweli kabisa. Kata stelingi upande ule ambao nyuma inaelekea, haraka, usiogope kukata nyingi. Mafuta legeza kiasi bila kuyatoa yote. Breki usiiguse. Alafu sehemu ambayo karibu kila mtu anafeli ni inayofuata, gari ikianza kurudi lazima na stelingi urudishe MAPEMA, kabla haijanyooka. Ukichelewa, tairi za mbele zinashika zikiwa zimekatwa upande mwingine na gari inarushwa kule, mkia wa pili unakuwa mkali kuliko wa kwanza. Ukiona video za Mustang zinatoka kwenye mikusanyiko ya magari Marekani na kuvamia watu pembeni, angalia vizuri, nyingi ni mkia wa pili huo.

Ikishindikana kabisa, gari imeshageuka zaidi ya robo na huna tena la kufanya, kanyaga klachi na breki zote na uzishikilie mpaka isimame. Gari iliyofunga tairi zote inakwenda moja kwa moja, angalau walio pembeni wanajua inakokwenda.

Wenye otomatiki mna kitu chenu cha ziada. Ukiwa kwenye kona kwenye D, ukakanyaga mafuta kidogo zaidi, gia boksi inashusha gia yenyewe, injini inaruka, tairi za nyuma zinapata nguvu ambayo hukuiomba. Mark X ya 3.0 ina farasi 256 na VSC ikiwepo huhisi kitu, ikizimwa ndo unakuta nyuma imekupita kwenye mzunguko wa kawaida tu wa mjini. Chagua gia kabla hujaingia kona. Wa manyuo nao, ukishusha gia bila kugusa mafuta kidogo kupandisha mzunguko wa injini, klachi ikikamata tairi za nyuma zinapigwa breki ghafla, kwenye mvua hiyo inatosha kukuzungusha. Jifunze kugusa mafuta kati ya gia, kwanza ukiwa umenyooka.

UKIRUDI BARABARANI

Rudisha VSC, zima injini washa upya, hakikisha taa ya VSC OFF imeondoka. Kama gari haikuwa nayo tangu mwanzo basi unaendesha kwa hesabu. Kwenye lami kavu na matairi ya kawaida, kutoka 50 breki kali inahitaji kama mita 14. Kutoka 100 inahitaji kama 56, spidi mara mbili, umbali mara nne. Kutoka 140 inapita mita 100, karibu 110. Na hapo bado sekunde moja ya kushtuka, ambayo kwenye 100 umeshatembea mita 28 hujagusa breki. Taa za gari zetu usiku zikiwa chini huoni hizo mita 110, ndo maana mwenye baiskeli ya mkaa asiye na taa anagongwa na mtu anayeapa kwamba hakumuona, na ni kweli hakumuona.

Mvua za kwanza, Novemba hivi, lami ya huku ni mbaya kuliko Machi. Vumbi la miezi mitano na oili ya malori ya tumbaku vinachanganyika na maji kidogo, inakuwa uji. Ikishanyesha mara kadhaa inaoshwa. Mvua ya kwanza mimi natembea na daladala sioni aibu.

Mchanga pembeni ya lami ndo mtego mwingine. Unapishana na lori, unashusha tairi mbili za kushoto kwenye bega la barabara, unataka kurudi, unakata stelingi kwa nguvu, mbili zipo kwenye mchanga mbili kwenye lami, na ukingo wa lami una ngazi. Usirudi kwa nguvu. Shika stelingi imenyooka, toa mafuta taratibu, acha spidi ianguke, ndo upande lami kwa kukata kidogo. Na breki kali hapo hapana, upande mmoja unashika na mwingine haushiki, gari inazunguka.

Mzigo nao. Ukijaza buti magunia ya mchele na madumu ya asali ya kumpelekea shangazi Dar, hiyo sio gari uliyoifanyia mazoezi. Nyuma ikianza kutoka inatoka na uzito wake wote na kuirudisha ni kazi, mbele imekuwa nyepesi na breki zinabadilika. Siku hiyo wewe ni dereva wa noah, kubali.

Vijijini ni 50 kama kibao kinavyosema, na tochi zipo, ila tochi ni jambo dogo, utalipa faini utaondoka. Kwenye rasta na matuta usifunge breki ukiwa juu ya tuta lenyewe, maliza kufunga kabla, achia, pita.

Anayetaka zaidi ya hapa, mwendo kabisa, aangalie michezo ya magari iliyo rasmi, Chama cha Magari Tanzania AAT ndo wanaosimamia na rali zinachezwa Arusha, Morogoro, Iringa na kwingine. Unavaa helmeti, gari inafungwa roll keji, ile fremu ya chuma ya ndani, barabara imefungwa, daktari yupo. Hapo ndo sehemu ya 180.

Ukimaliza siku uwanjani usizime turbo papo hapo, iache injini ikae sailensa bila kukanyaga mafuta dakika mbili tatu oili itoe joto. Handbreki usivute, diski zikiwa za moto weka gia au P na jiwe kwenye tairi. Zikipoa kaza nati za tairi zote, chungulia ndani ya rimu kama mchanga na kokoto zimeingia kati ya diski na kile kibati chake, zitakuwa zinasaga njia nzima. Pulizia air clina. Alafu kabla hujaingia barabara kubwa jaribu breki tatu ukiwa 20 palepale uwanjani, gari ikivuta upande mmoja usiondoke nayo, mpigie fundi aje na bodaboda akufuate hapo hapo.